Donda ndugu na pedali ya breki: kisa cha dereva wa tuk-tuk Mombasa

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha bendeji, soksi mkononi, ananitazama nikiuchungua unyayo wake kana kwamba mguu ule aliuazima kwa jirani.

"Hauniumi, mwanangu," akasema. "Ungekuwa wauma ningekuja zamani."

Maneno hayo yalibeba nusu ya kisa chote, ila siku hiyo niliyaandika kwenye faili nikapita. Ilinichukua wiki nne kuyarudia.

Mzee mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe. Umri na mtaa nimevigeuza kidogo asitambulike. Tuseme ana miaka 58, anakaa Kisauni, na anaendesha tuk-tuk kati ya Kongowea na Mwembe Tayari. Kisukari cha aina ya pili anacho mwaka wa kumi na moja sasa. Sigara havuti nyingi, mbili tatu akifika maskani jioni.

Mguu wenyewe

Kidonda kilikuwa chini ya unyayo wa kulia, pale mfupa unapotokeza nyuma ya kidole gumba. Urefu sentimita 3, upana 2.5, kina kama milimita 4. Umri wake miezi minne. Ukingoni kulikuwa na sugu nyeupe, nene na ngumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Sakafu yake ilifunikwa na utando wa manjano unaoteleza, na ukiufuta, nyama iliyo chini ilikuwa na rangi ya ini lililolala, si ule wekundu wa punjepunje, kama komamanga lililopasuliwa, ambao mtu anayefunga vidonda hufurahi kuuona. Majimaji yalilowesha shashi kila baada ya saa chache.

Mrumi Celsus, katika karne ya 1, aliandika dalili nne za jeraha linalowaka: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa mzee huyu mbili hazikuwepo. Maumivu yaliondoka na ganzi: tulipomgusa unyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa shinikizo la gramu 10, katika sehemu kumi alihisi tatu tu. Na wekundu, kwa ngozi zetu hizi, haujitangazi. Unachokiona ni ngozi kung'aa na kukoza zaidi kuliko upande wa pili. Zilibaki mbili. Uvimbe ulikuwepo kidogo. Joto nililipata kwa mgongo wa mkono, nikiulinganisha mguu wa kulia na wa kushoto, na tofauti yake haikuhitaji kipimajoto.

Mishipa ya damu ilipiga vizuri juu ya mguu na nyuma ya kifundo, jambo lililonipa moyo, maana mguu usiopata damu ni habari nyingine kabisa. Kijiti cha chuma kilichoingizwa kidondani hakikugonga mfupa, na picha ya eksirei haikuonyesha mfupa ulioliwa. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, kilikuwa asilimia 10.4, juu mno. CRP, protini inayopanda damuni mwili unapowaka kwa jeraha au maambukizi, ilikuwa miligramu 38 kwa lita, na mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa chini ya 5 au 10, kutegemea maabara. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 10.1, yaani damu pungufu.

Kabla hajafika kwetu alikuwa amemaliza dozi tatu za antibayotiki kutoka madirisha matatu ya dawa. Alikuwa amefungua kapsuli za rangi mbili akanyunyiza unga wake kidondani. Alimwagia spiriti. Alimwagia pia ile dawa inayotoa povu, haidrojeni peroksaidi, na povu lilimpa imani kuwa uchafu unatoka, kumbe inaunguza bakteria pamoja na seli changa zinazojaribu kujenga. Dada yake wa Likoni akaleta mshubiri. Nikivitazama vyote hivyo kwa pamoja naona fikra moja: kidonda kimepungukiwa na kitu, basi tukiongeze kitu. Na mimi niliyesomea kazi hii nilianza kwa fikra hiyohiyo.

Seli zinavyoambiana

Waswahili wana jina la kidonda cha namna hii: donda ndugu. Sijui jina bora kuliko hilo. Ni donda linalohamia kwako, likala na kulala nawe. Vitabu hukiita kidonda sugu, na kuanzia miaka ya tisini utafiti ulipochunguza majimaji ya vidonda kama hivi ulikuta jambo moja likijirudia: vidonda vinavyokataa kupona vimejaa ujumbe wa siku za kwanza za kuumia. Ni kama saa iliyokwama.

Ujumbe huo ndio saitokini. Ni protini ndogo ambazo seli hutema ili kuziambia seli nyingine la kufanya: njoo, zaana, shambulia, tulia, jenga. Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 1974. Nyingi husafiri mwendo mfupi tu, kwa majirani, ingawa baadhi, kama interlukini 6, huingia kwenye damu na kufika hadi ini. Nitauita mwitikio wote huu mwako, badala ya inflamesheni, kwa kuwa wagonjwa wangu wenyewe husema "kidonda chawaka".

Ukijikata kwa kisu ukimenya muhogo, chembe sahani hugandisha damu, na zikiganda hutema PDGF na TGF-beta, saitokini zinazowaita wajenzi. Seli zilizopasuka humwaga vitu vya ndani ambavyo havitakiwi kuwa nje, na seli za ulinzi zilizokuwa karibu zikivigusa hupiga yowe. Yowe hilo ni TNF na interlukini 1, kisha interlukini 6. Interlukini 8 huziita nyutrofili, askari wa kwanza kati ya seli nyeupe za damu, ambazo ndani ya siku ya kwanza hufurika mahali pale kuua bakteria na kutafuna mabaki. Siku ya pili na ya tatu huingia makrofeji, seli kubwa za ulinzi zinazomeza mabaki. Hizi nazo mwanzoni hupiga yowe lilelile.

Kisha hutokea jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika elimu hii. Nyutrofili zikimaliza kazi hujifia kwa utaratibu, makrofeji huzimeza, na kule kumeza ndiko kunakobadilisha tabia ya makrofeji. Iliyokuwa ikitema TNF sasa hutema interlukini 10, inayotuliza, na TGF-beta, inayowaamsha faibroblasti, seli za ujenzi, kusuka kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Saitokini nyingine, VEGF, huotesha kapilari mpya, vile vimishipa vyembamba vya damu, na hapo ndipo ule wekundu wa komamanga hutokea. Vitabu hupenda kuzigawa makrofeji makundi mawili, za vita na za ujenzi. Ndani ya kidonda cha mtu halisi nyingi huwa katikati, lakini mwelekeo ndio huo.

Watu hupenda kuzigawa saitokini pia, mbaya na nzuri. Haifai. Panya walioondolewa uwezo wa kutengeneza interlukini 6 huchelewa mno kupona vidonda. TGF-beta nayo, ile ya ujenzi, ikizidi hujenga hadi kuharibu: makovu yaliyovimba, ini lililokakamaa, mapafu yasiyotanuka. Kinachopima mambo ni muda. Yowe la mwizi saa nane usiku linaokoa mtaa. Likiendelea hadi adhuhuri hakuna fundi atakayekuja kutengeneza mlango uliovunjwa.

Kwa mzee wetu yowe lilikuwa na miezi minne. Sababu ya kwanza ni sukari. Sukari ikikaa juu muda mrefu hujibandika kwenye protini za mwili, na protini hizo zilizobandikwa hugusa kipokezi kwenye seli kinachowasha swichi iitwayo NF-kB. Swichi hiyo ndiyo inayofungua jeni za TNF, interlukini 1 na interlukini 6. Juu ya hayo, makrofeji za mwenye kisukari ni wavivu wa kumeza nyutrofili zilizokufa, kwa hiyo lile geuko la kutoka vitani kwenda ujenzini huchelewa au halifiki.

Yowe lisipozimika, vimeng'enya huchukua uwanja. MMP-8 na MMP-9 vina kazi halali ya kukata nyuzi zilizoharibika na kufungua njia, na kwa kawaida kuna protini zinazovishika mkono visizidi. TNF na interlukini 1 zikikaa juu, vimeng'enya huongezeka na wazuiaji wao hupungua. Nyutrofili nazo huendelea kumwaga elastesi, kimeng'enya kingine cha kukata. Faibroblasti inasuka ukili wa mkeka, na nyuma yake kuna mkono unaofumua. Vimeng'enya hivyo hukata pia saitokini za ujenzi zenyewe. Ndiyo maana jeli ya PDGF, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya mguu wa kisukari, husaidia baadhi tu ya wagonjwa, tena pale kidonda kinaposafishwa barabara. Kuipaka juu ya utando wa manjano ni kuwatupia vimeng'enya chakula.

Mzee mwenyewe aliligundua jambo moja kabla yetu. "Nala chakula kilekile," alilalamika, "na sukari yapanda tangu kidonda kije." Alikuwa sahihi. Mwaka 1993 watafiti walionyesha, kwa panya wanene, kwamba TNF huzuia seli zisiisikie insulini. Kidonda kinachowaka hupandisha sukari, na sukari hukichochea kidonda. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumshuku kwa mahamri na kaimati.

Wiki nne za bure

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa wa kawaida: metformini, kidonge chake cha sukari, iendelee, insulini ya usiku iongezwe, antibayotiki siku saba kwa ule uvimbe na joto, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, utando ukatwe, bendeji yenye kushika unyevu. Dozi hiyo ya siku saba naitetea mpaka leo. Sijitetei kwa iliyofuata. Wiki ya tatu nilipaka usufi juu ya kidonda nikapeleka maabara, na maabara ikaotesha bakteria, kama itakavyootesha kutoka kidonda chochote kilicho wazi. Hakukuwa na usaha wala homa, na ule uvimbe ulikuwa umekwisha. Nikaandika antibayotiki nyingine hata hivyo, kwa sababu karatasi ilikuwa na jina la mdudu na mimi nilikuwa na kalamu.

Nilimwambia pia apunguze kutembea, na mzee alinitii kuliko nilivyotarajia. Aliacha kwenda sokoni kwa miguu, akawa haendi msikitini ila kwa tuk-tuk, na siku nzima, kuanzia alfajiri hadi isha, alikaa kwenye kiti cha tuk-tuk yake.

Wiki ya nne tukapima: 2.6 kwa 2.1. Eneo lilikuwa limepungua kwa kama asilimia 27. Tunaohudumia vidonda hivi hutumia kipimo rahisi: kidonda cha mguu wa kisukari kisichopungua angalau nusu ya eneo ndani ya wiki 4 hakina matumaini makubwa ya kufunga kwa wiki 12 kwa njia ileile. Cha kufanya hapo ni kuuliza umekosa nini. Niliuliza juu ya sukari, ambayo ilikuwa ikishuka. Niliuliza juu ya dawa, ambazo alikuwa akizimeza. Nilikuwa karibu kumwandikia rufaa.

Sista na pedali

Mzee alisahau kadi yake mezani. Sista wa chumba cha bendeji akamkimbilia nayo hadi langoni, akamkuta ameshaingia kwenye tuk-tuk, mguu wa kulia uko juu ya breki. Tuk-tuk hushikwa klachi na gia kwa mkono, lakini breki ni ya mguu, na mguu ni wa kulia.

Alirudi baada ya dakika kumi. "Daktari, tazama hizi." Alikuwa na picha mbili kwenye simu. Moja ya unyayo, aliyoipiga asubuhi ile kabla ya kufunga bendeji. Ile sugu ya ukingoni ilikuwa na mistari miwili iliyolala sambamba, ambayo mimi nilikuwa nimeikata kila wiki bila kujiuliza imetoka wapi. Nyingine ya pedali. Mpira wake ulikuwa umekwisha siku nyingi, na chuma kilichobaki kilikuwa na matuta mawili, sambamba.

Tulitoka nje sote wawili. Mzee alivua ndala ya kulia akaiinua juani kutuonyesha, mwenyewe akicheka. Pale chini ya kidole gumba ilikuwa imelika hadi mwanga ukapenya.

"Wapiga breki mara ngapi, mzee, kutoka Kongowea hadi mjini?"

"Ah, nani ahesabu?" Lakini kesho yake alihesabu, akatupigia simu. Alipofika 40 alikuwa hajavuka Daraja la Nyali, akaacha.

Hapo ndipo elimu yote ile ya saitokini ilipopata mahali pa kukaa. Kila breki ilikuwa ikisaga seli kati ya mfupa na chuma. Kila seli iliyosagwa ilimwaga vitu vyake vya ndani, na kila mara yowe lilianza upya: TNF, interlukini 1, interlukini 8, nyutrofili wapya, vimeng'enya wapya. Kidonda hakikuwa na miezi minne. Kilikuwa na umri wa breki ya mwisho. Mtu mwenye hisia angeuondoa mguu ule siku ya kwanza. Ganzi ilimnyima hata ruhusa ya kuchechemea. Na neva zilizokufa zinakosekana kwa njia nyingine pia, kwani neva nzima hutema kemikali zake zinazosaidia uponaji, na pale hazikuwepo.

Plasta, udhu na hesabu ya tajiri

Dawa ya kushusha saitokini tuliyompa mzee ilikuwa plasta ngumu, kama ya aliyevunjika mguu. Plasta ya mguu mzima chini ya goti, iliyofinyangwa kugusa unyayo wote ili uzito usambae na usirundikane sehemu moja, huhesabika kuwa njia bora ya kuondoa shinikizo kwenye vidonda vya aina hii, na sehemu ya ubora wake ni kwamba mgonjwa hawezi kuivua. Haifai kwa mguu usio na damu ya kutosha wala wenye maambukizi makali. Wa mzee ulikuwa na damu, na joto la mwanzo lilikuwa limeshuka. Kwanza nilikikata kidonda kwa kisu hadi damu mbichi ikatoka pande zote, sugu yote, utando wote. Watu huona ukatili. Lakini kufanya hivyo huondoa bakteria waliojijengea utando, seli zilizozeeka zisizosikia tena, na shehena ya vimeng'enya. Na ile damu mbichi huleta chembe sahani mpya, na chembe sahani huleta PDGF. Kidonda kikongwe hurudishwa siku ya kwanza, safari hii bila chuma juu yake.

Fundi wa plasta aliifunga, tukaifungua siku ya tatu kukagua kama imemchubua, kisha kila wiki.

Mzee alikuwa na maswali mawili, na ya kitabibu hayakuwemo. La kwanza: udhu. Nilimjibu kwamba nijuavyo mwenye bandiko hupangusa juu yake kwa mkono wenye maji, lakini amwulize imamu wake, nisije nikampotosha kwa fani isiyo yangu. Aliuliza akarudi ameridhika. La pili lilikuwa zito zaidi. Tuk-tuk si yake. Kila jioni kuna hesabu ya tajiri. Tulikaa naye na mkewe na kijana wake karibu saa nzima, muda mrefu kuliko nilioutumia kukata kidonda. Hatimaye mpwa wake akachukua gari, hesabu ikalipwa, kilichobaki wakagawana, na mzee akawa anakaa nyumbani akimpigia mpwa simu kila baada ya nusu saa kumwuliza yuko wapi. Bila mpango huo plasta ingekatwa kwa msumeno wiki ya kwanza, na nisingemlaumu.

Wiki nne baada ya plasta ya kwanza kidonda kilikuwa 1.6 kwa 1.2, eneo limepungua kwa asilimia 65 kutoka pale tulipokwama. Dawa mpya hakupewa, moja aliachishwa. Sakafu ilikuwa imeshageuka komamanga. CRP ilishuka hadi 21, baadaye 6. Majimaji yalipungua hadi bendeji ikawa inakaa wiki nzima bila kulowa. Kwa joto la Mombasa plasta ilinuka jasho, na mzee alilalamikia hilo zaidi ya jambo lolote.

Kuna jambo la pembeni ambalo sikulitegemea. Mzee alikuwa amemeza vidonge vya kuongeza damu miezi miwili bila himoglobini kusogea. Interlukini 6 ikifika kwenye ini huliamuru litengeneze hepsidini, homoni inayofunga madini ya chuma ghalani yasitoke, na pia hupunguza yanayoingia kutoka utumbo. Mwili hufanya hivyo kuwanyima bakteria chuma. Feritini yake, kipimo cha chuma kilichoko ghalani, haikuwa chini. Chuma kilikuwepo, kimefungiwa. Tuliviacha vidonge. Kidonda kilipokuwa kinafunga himoglobini ilipanda yenyewe hadi 11.9.

Swali la kijana

Kijana wa mzee anasoma chuo, na simu yake haitoki mkononi. Wiki moja alikuja na swali alilolitayarisha: "Daktari, wakati wa korona tulisikia juu ya tufani ya saitokini, na kuna sindano za kuzizuia. Kwa nini baba asichomwe moja, badala ya kufungwa simenti?"

Swali zuri. Sindano hizo zipo, na kwa magonjwa kama baridi yabisi na baadhi ya magonjwa ya utumbo zimebadilisha maisha ya watu. Lakini TNF ile inayofumua mkeka wa baba yake ndiyo inayozifunga bakteria za kifua kikuu ndani ya vifundo vyao mapafuni. Mtu aliyewahi kuambukizwa bila kujua, akizuiwa TNF, ugonjwa unaweza kuamka. Kwa nchi yenye kifua kikuu kama yetu hilo si tishio la karatasini. Nilimpa na mfano mwingine: utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo na wenye CRP ya juu, ulizuia interlukini 1 beta kwa dawa iitwayo kanakinumabu. Mashambulio yalipungua, lakini vifo vya maambukizi vikaongezeka, na dawa haikuzuia watu kupata kisukari. Katika panya wenye kisukari, kuzuia interlukini 1 beta kidondani kumeharakisha uponaji, na huenda siku moja tukapata dawa ya kupaka. Kwa sasa, kumziba mdomo anayepiga yowe wakati mwizi bado anavunja mlango ni hatari.

"Kwa hiyo simenti," kijana akasema.

"Simenti," nikamjibu.

Baada ya kufunga

Kidonda kilifunga wiki ya kumi na tatu tangu siku ya kwanza, wiki ya tisa ya plasta. HbA1c ilikuwa imeshuka hadi asilimia 8.1. Sista aliipiga picha ngozi mpya, nyembamba, ya waridi iliyofifia, inang'aa kama ganda la ndani la kitunguu.

Sikumruhusu arudi kazini siku hiyo. Kufunga ni ngozi ya juu kukutana tu. Chini yake ujenzi unaendelea kwa miezi, kolajeni ya haraka ya aina ya tatu ikibadilishwa polepole na ile imara ya aina ya kwanza, na hata ukimalizika kovu halifiki uimara wa ngozi ya awali. Hukomea kama asilimia 80. Katika watu waliopona kidonda cha mguu wa kisukari, kama 40 kati ya 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Ganzi haijaondoka, na mfupa uko palepale.

Fundi mmoja wa Mji wa Kale alimshonea makubadhi yenye wayo laini ndani, akakata tundu lisilopenya chini ya kidole gumba ili uzito ushukie pembeni. Mpwa aliibandika pedali kipande cha tairi kuukuu. Tukawafundisha kazi ya jioni: kijana awekee mgongo wa mkono unyayo wa kulia, kisha wa kushoto, sehemu ileile. Wenye kipimajoto cha ngozi huitazama tofauti inayozidi nyuzi 2.2 na kuendelea kuwepo. Sisi tuliona mkono unatosha kuanzia. Mwako hutangulia kidonda kwa siku kadhaa, na kwa mtu asiyesikia maumivu, joto ndiyo saitokini pekee anayoweza kuigusa.

Mwezi wa tatu baada ya kufunga kijana alipiga simu usiku. "Daktari, wa kulia una moto."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu jana. Jana mzee alimshikia mwenzake gari, na ile gari pedali yake ni chuma kitupu."

Ngozi ilikuwa nzima. Mzee alipumzishwa, mguu juu ya mto, simu ya mpwa mkononi. Siku ya nne kijana aliandika ujumbe wa maneno mawili: "Iko sawa."